Mto Ulioandikwa Kuwa Haufuriki

Siku niliyostaafu mlinipa kanga doti mbili, mkakata keki, na mwenzenu mmoja akasoma hotuba nzuri sana iliyonitaja kwa jina la mtu mwingine. Nikapiga makofi. Baadaye mkaniomba niwaandikie uzoefu wangu, eti usije ukapotea. Basi nimekaa hapa Bariadi nyuma ya nyumba, kuku wananizunguka, najiuliza ni uzoefu upi hasa mnaoutaka. Kama ni ule wa kujua nani anakaa na funguo za gari, naona huo mmeshaupata.

Jina langu ni Kabula. Kwa wale mliohamishiwa hapa juzi, Kabula ni mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha. Wazazi wangu hawakujua kwamba wananitafutia ajira. Nimepima mito ya mkoa huu zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa hii: mahali fulani panatakiwa daraja, na kabla mhandisi hajachora, lazima mtu aseme mto ule ukija kwa nguvu zake zote, kwa kiwango ambacho waliopo hawajakiona au wameshakisahau, utaleta maji kiasi gani kwa sekunde. Unakadiria kitu ambacho hakijatokea, kisha unasaini chini. Waganga wa kienyeji wanafanya kazi hiyo hiyo, ila wao hawajazi fomu.

Mnaijua mito yetu. Zaidi ya nusu ya mwaka ni mchanga mtupu. Wanawake wanachimba visima humo, ng'ombe wanalala humo, vijana wanacheza mpira humo. Halafu mvua inanyesha huko vilimani mashariki, wewe huku hata nguo hujaanua kwa sababu jua linawaka, na maji yanakuja yakiwa na miti, mizoga na madumu ya watu. Jioni mchanga unarudi pale pale, kama vile hakuna lililotokea. Mto wa namna hii unataka mtu aliyekuwepo. Na mtu huyo tulikuwa naye, tulimwajiri sisi wenyewe.

Aliitwa Mayunga, msoma geji. Geji ni ile rula ndefu ya bati iliyosimikwa mtoni. Yeye kazi yake ilikuwa kwenda asubuhi na jioni, kuangalia maji yamefika namba gani, na kuandika kwenye daftari. Mtu mpole, mchangamfu, mwandiko wake ungeweza kupigwa fremu. Mimi nilikuwa mgeni kazini, nimetoka chuo na cheti changu, na niliyapenda madaftari ya Mayunga kuliko ya wasomaji wengine wote. Ya wengine yalikuwa na matope, yamelowa, yamefutwafutwa, kurasa nyingine zimetafunwa na mbuzi. Ya Mayunga yalikuwa safi kama ya mtoto anayetafuta zawadi. Niliyanakili yote kwenye rejista ya ofisi, miaka miwili mizima, kwa kalamu ya bluu, na nikajisifu kwa kasi yangu.

Aliyenifundisha kazi, Fundi Shija, alikuwa likizo ndefu ya ugonjwa wakati huo. Aliporudi alifungua rejista, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu za namba. Alikuwa mtu mwembamba asiyepandisha sauti. Ukikosea alikuwa anazidi kuwa na adabu.

"Kabula," akasema, "naona hapa tarehe thelathini Februari maji yalikuwa sentimita themanini na mbili."

"Ndiyo, Fundi."

"Na tarehe thelathini na moja?"

Nikaangalia. "Hiyo hakuandika."

"Angalau ana mipaka," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilitamani sakafu ipasuke. Kesho yake tulikwenda mtoni, mimi nyuma ya pikipiki ya Shija. Geji haikuwepo. Ilikuwa imeng'olewa na mafuriko miaka miwili nyuma, na kipande chake tulikiona nyumbani kwa Mayunga, kimezibia tundu kwenye banda la kuku. Bado namba zilisomeka vizuri. Mayunga hakubisha.

"Niliogopa, mkijua rula imeondoka, mtaniambia na mimi niondoke," akasema. "Nikaona niendelee na namba ya mwisho niliyoiona. Ilikuwa namba nzuri."

Kwa hiyo mafuriko makubwa kuliko yote ya miaka ile yaliandikwa themanini na mbili, na siku za ukame mchanga ukiwa unapuliza vumbi, napo themanini na mbili. Njiani Shija aliniambia mambo mawili. La kwanza, daftari safi la msoma geji ni la uongo, kwa sababu anayekwenda mtoni kweli anarudi na mto mikononi. La pili, nikifika ofisini nizipige mstari kurasa zile zote na kuandika pembeni kwamba si za kweli.

Nikasema sawa. Na sikufanya.

Sina kisingizio kizuri, nina vya kawaida. Kwanza niliona aibu kuchafua rejista niliyoipendezesha mwenyewe. Kisha nikapangiwa kazi Mwanhuzi. Niliporudi, rejista ilikuwa imefungwa kabatini, na mimi nikajiambia nani atakuja kufungua kabati lile. Shija akastaafu, akaenda zake Sola kulima pamba. Baada ya miaka kadhaa ukaja mradi wa kuingiza kumbukumbu zote kwenye kompyuta. Kompyuta ilikataa tarehe thelathini Februari, basi aliyekuwa anaingiza akaisogeza ikawa Machi mosi. Alitusaidia sana.

Sasa tuje kwenye kijiji nitakachokiita Ng'wabasabi. Jina hilo kwa Kisukuma lina maana ya kwa matajiri, na kwa muda wote niliofanya kazi kule tajiri mwenyewe sikumwona. Kijiji kiko ng'ambo ya mto ule ule wa Mayunga. Mvua zikija, wagonjwa wanabaki upande mmoja na dawa zinabaki upande mwingine. Watu walikuwa wamelilia daraja muda mrefu, na hatimaye likapatikana, pamoja na zahanati. Akaletwa mhandisi kutoka mbali kufanya hesabu. Jina lake nitaliacha, tumwite Injinia. Kijana msomi, viatu safi, kompyuta yake ilikuwa inachora mto kwa rangi saba.

Alituonyesha matokeo ukutani. Mto wetu ulionekana mzuri mno, mstari mwembamba wa bluu, hata mimi nilitamani kuishi kando yake. Kwa hesabu zake daraja fupi lingetosha, na zahanati ingejengwa pale pale bondeni kando ya barabara, watu wasipate shida ya kupanda. Bosi wetu akafurahi. Diwani akafurahi zaidi. Mimi nikafungua kurasa za mwisho za ripoti, mahali ambapo hakuna anayefika, nikaona safu ya namba: themanini na mbili, themanini na mbili, themanini na mbili. Kurasa na kurasa.

Nilikaa kimya siku ile. Nawaambia ukweli ili msije mkadhani mnasoma habari za shujaa. Nilichofanya ni kumwomba Injinia twende site kwa siku mbili, kabla hajasaini. Alikubali kwa upole, kama mtu anayekubali kumsindikiza bibi yake sokoni.

Nisikilizeni hapa, maana hili ndilo pekee lenye thamani katika karatasi zote hizi. Mkifika kijijini kutafuta maji makubwa yalifika wapi, msimuulize mtu maji yalifika wapi. Mkimuuliza hivyo atawaonyesha juu ya kichwa chake, kwa heshima yenu, kwa sababu mmetoka mbali na anataka mpate kitu. Mlevi mmoja wa Ng'wabasabi alituonyesha juu ya mnara wa simu. Muulizeni alikuwa anafanya nini siku hiyo. Alikuwa wapi, alibeba nini, alisimama juu ya nini. Mtu anasahau urefu wa maji. Mahali alipoweka mguu akiyakimbia hasahau. Na waulizeni mmoja mmoja, mbali mbali, kabla hawajakubaliana.

Hivyo ndivyo tulivyompata Mayu Milembe, yaani Mama Milembe. Alikuwa mzee sana lakini mkavu kama fimbo, anaishi peke yake bondeni, magoti yanamsumbua na hafichi. Nilimwamkia kwa Kisukuma, naye akaitikia akiniita mwanangu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Huyu mwenye viatu ni nani?"

"Ni Injinia. Amekuja kwa ajili ya daraja."

"Mwambie avue, atavichafua."

Injinia hakuvua. Nilimuuliza Milembe kama aliwahi kukimbia maji. Akasema ndiyo, akiwa msichana wa kuchunga. Walikuwa na ndama mmoja mgonjwa, akambeba mabegani, akapanda naye jabali lile pale, na akatuonyesha jabali kubwa la mawe meusi umbali wa kama viwanja viwili vya mpira kutoka mtoni. Injinia akaangalia mto, akaangalia jabali, akatabasamu.

"Ulipanda mpaka juu?" nikamuuliza.

"Ningewezaje na ndama? Kuna kijukwaa cha jiwe, ukikaa unatosha wewe na mzigo. Nilikaa pale. Maji yakaja yakanilowesha nyayo, yakasimama. Nilikuwa nayaambia yasimame."

"Yalisikia," akasema Injinia.

"Kuliko wewe," akasema Milembe.

Alitupeleka mwenyewe, akilaani magoti kila hatua. Kile kijukwaa cha jiwe kilikuwepo. Chini yake kidogo kulikuwa na ufa kwenye jabali, na mimi nikaingiza mkono, nikachomoa udongo mlaini wa mto, wa tabaka jembamba jembamba, umekauka kama keki, na ndani yake vijiti na ganda la konokono wa majini. Udongo ule haupandi jabali kwa miguu. Kisha tukawapata wengine wawili, mzee mmoja na mama mmoja, kila mmoja peke yake, na kila mmoja akatupeleka mahali pake. Tulipopima kwa leveli, kile kifaa cha kupimia usawa, alama zote tatu zilikuja karibu mstari mmoja unaoshuka na mto. Milembe alikuwa amekosea kiasi cha kiganja. Vifaa vyangu vya ofisi vimewahi kukosea zaidi.

Kazi iliyobaki mnaijua. Tukapima upana na kina cha bonde sehemu tatu, tukapima mteremko, tukakadiria vichaka na mawe yanayashikilia maji kiasi gani. Injinia alivua viatu bila kuambiwa. Alihesabu mwenyewe, akiwa amekaa kwenye bodi ya gari, na akarudia mara mbili. Ilitoka zaidi ya mara nne ya namba yake.

"Haiwezekani," akasema. "Kumbukumbu za geji zinapinga."

"Kumbukumbu zile si za kweli."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu niliziandika mimi," nikasema.

Nikamweleza yote. Nilitegemea atanicheka au atanipigia kelele. Badala yake akaufunga ule mfuniko wa kompyuta. "Ningejenga zahanati pale," akasema, akiangalia bonde. Sauti yake haikuwa ya msomi tena. Kutoka hapo tulifanya kazi kama watu wawili.

Mkutano wa kubadilisha mpango ulikuwa wa kupendeza, kama unapenda kung'olewa jino. Nilisimama mbele ya bosi, diwani na wajumbe, nikasema namba za rejista zilikuwa za kubuni, kwamba niliambiwa nizifute na sikuzifuta. Barua yangu ya onyo ilichapwa siku ile ile. Sijawahi kuona ofisi ile ikichapa barua haraka namna hiyo, na nilikuwa nimeomba viatu vya mvua kwa miaka minne.

Injinia akaeleza kwamba daraja lijengwe kwa ajili ya mafuriko ya miaka mia. Diwani akanyoosha mkono.

"Bibi anasema maji yalikuja akiwa msichana," akasema. "Huyu bibi sasa hivi ana miaka karibu themanini. Kwa hiyo tuna kama miaka thelathini ya kupumua."

Na wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, wengine wakaandika. Nikaomba nafasi. Nikasema, Mheshimiwa, chukua gunia lenye punje mia za mahindi, tisini na tisa nyeupe na moja nyekundu. Kila mwaka mto unaingiza mkono bila kuangalia, unatoa punje moja, unairudisha. Nyekundu inaweza kutoka mwakani, na mwaka unaofuata ikatoka tena. Mto hauhesabu miaka yako ya kupumua.

Diwani akafikiri. "Na hiyo nyekundu haiwezi kuondolewa kwenye gunia?"

Bado naliheshimu swali lile. Ni la kipumbavu, lakini kila mradi niliouona baadaye uliliuliza kwa maneno mazuri zaidi.

Hata hivyo tulishinda kiasi. Daraja likarefushwa na kuinuliwa. Tuta la barabara upande mmoja likaachwa chini makusudi, ili maji yakizidi yapite pale yavunje tuta, yasivunje daraja. Zahanati ikapelekwa juu kwenye mgongo wa kilima. Kwa jambo hilo nililaaniwa na kijiji kizima, maana wagonjwa walipandishwa kwa baiskeli na machela, na kila aliyetokwa jasho alilitaja jina langu. Milembe alikuwa wa kwanza. Kila nikipita alisema, "Umewapelekea dawa tumbili."

Kisha tukafanya jambo moja nililolionea fahari. Tulipanga mawe bondeni kote kwenye mstari wa hesabu zetu, tukayapaka chokaa, na kwenye mkutano wa kijiji nikasimama nikasema: maji yataishia hapa. Waliokuwa chini ya mawe wakashauriwa kuhama. Wengi walivuta miguu. Milembe alihama wiki ile ile. Alijenga nyumba mpya ya tofali, akaiweka hatua kama kumi juu ya mawe meupe, na akawa anawatania majirani kwamba yeye na ofisi ya maji wameshakubaliana.

Ndani ya ripoti niliandika vizuri tu kwamba namba ile inaweza kuwa pungufu, hata kwa theluthi moja, kwa sababu alama ni tatu na vichaka hukadiriwa kwa macho. Injinia alisaini, nami nikasaini. Lakini mawe ya chokaa hayana theluthi. Yako mahali yalipo.

Ilikuwa miezi michache kabla ya kustaafu kwangu. Mchana, jua kali, siku ya mnada, watu wako na ng'ombe wao. Mtendaji wa kijiji alinipigia simu akiwa anahema, akaniambia mto umetoka na unaendelea kutoka. Nyuma yake nilisikia sauti kama malori mengi yanayopanda mlima. Nikamwambia apeleke kila mtu juu zahanati, asisimame kwenye mawe, apite. "Lakini mama, wewe ulisema," akaanza. "Najua nilichosema," nikamwambia. "Wapitishe."

Nilifika kesho yake kwa kuzunguka njia ndefu. Daraja lilikuwa limesimama. Tuta lilikuwa limevunjika pale pale tulipolitaka livunjike, na diwani mpya alikuwa ameshaanza kuuliza nani alijenga tuta bovu. Mahali ambapo zahanati ingejengwa palikuwa na mti mzima umelala, mizizi juu, na matope ya kufika kifuani. Hakuna mtu aliyekufa. Ng'ombe walikufa, mbuzi walikufa, mashamba ya mpunga yalikuwa yamefunikwa mchanga.

Nilitafuta mawe yangu. Machache yalionekana. Mstari mpya wa takataka na majani makavu ulikuwa juu yake, karibu urefu wa mtu. Theluthi niliyoiandika ilikuwa imekuja kuchukua nafasi yake. Hatua kumi juu ya mawe palikuwa na sakafu ya saruji, safi, imeoshwa, haina nyumba.

Milembe nilimkuta zahanati, kwenye benchi la nje. Siku ya mafuriko alikuwa amepanda asubuhi kufuata dawa ya magoti. Alikuwa na kigoda kimoja na sufuria mbili ambazo vijana walizifukua matopeni. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mambo ya uwezekano na makadirio. Nilipomwona yote yalinitoka. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia.

"Mayu, nilikosea," nikasema.

"Nimeona."

"Kwenye karatasi niliandika kwamba yanaweza kuzidi. Kwenu sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona mkisikia kwamba sina hakika, hamtahama."

"Mimi ningehama zaidi," akasema.

Nikakaa kando yake kwenye benchi. Muuguzi alitoka akamwita mtoto mwenye kikohozi. Chini bondeni mto ulikuwa umeshaanza kurudi kuwa mchanga.

"Sasa nijenge wapi?" akauliza.

Kwa miaka thelathini na kitu nimeulizwa swali hilo na wahandisi, madiwani na wakuu wa idara, na kila mara nilitoa namba. Safari hii nilimwambia sijui kwa hakika. Nikamwambia kuna mahali naona ni pazuri kuliko pale, nitamwonyesha na kumweleza kwa nini, lakini mto unaweza kufika hata hapo na mimi siwezi kuapa.

Akainuka kwa kunishika bega, akachukua kigoda chake. Nikabeba sufuria. Tulipanda polepole, akilaani magoti, mpaka kwenye uwanda mdogo nyuma ya zahanati nilipotaka asimame. Nikasimama. Nikamwambia, "Hapa, mayu."

Akapaangalia, akaangalia chini bondeni, akaniangalia mimi. Kisha akanipita, akaendelea kupanda.